Kikao cha tiba ya muziki kwa aliyepoteza usemi

Ukimpeleka mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza usemi kwenye tiba ya muziki, usishangae kikao cha kwanza kikipita bila kuimba sana, kwa kuwa mtaalamu hutumia muda huo kuuliza maswali, kumsikiliza mgonjwa na kupima ni maneno gani bado yanamtoka. Andaa mapema orodha ya nyimbo alizozipenda ujanani, ziwe za taarabu, dansi au kaswida, maana wimbo uliozoeleka huweza kutoka mdomoni hata pale jina la mwanawe linapokataa. Baadaye huenda akafundishwa kuimba vifungu vifupi vya kila siku, kama “naomba maji”, huku mkono wake wa kushoto ukigongwa polepole kwa kila silabi, kisha mahadhi hupunguzwa hatua kwa hatua hadi yabaki maneno matupu. Utaratibu huo ulielezwa na wataalamu wa Boston, Marekani, mwaka 1973. Kipaji hakihitajiki, na hata mwenye sauti ya kukwaruza anakaribishwa. Vikao vingi huchukua dakika 30 hadi 60, lakini mgonjwa akionekana kuchoka mapema, mwambie mtaalamu bila kuona haya.