Jinsi ya kutambua king'ora cha mtaani usichokijua, hatua kwa hatua

Ukiishi huku katikati ya Marekani, Ohio, Minnesota, Illinois, Indiana, lazima umeshausikia ule mlio mkubwa unaojaa mtaa mzima halafu unakaa kama dakika tatu hivi, na wengi wetu tuliokuja toka Afrika mara ya kwanza tulidhani ni vita, hasa ndugu zetu wa Congo waliokimbia vita kweli. Ni ving'ora vya tahadhari, kazi yake kubwa huku ni tornado (ule upepo mkali unaozunguka kama mrija), na kuna watu kibao (mimi mmojawao) wanavifuatilia kama wengine wanavyofuatilia treni au ndege: kimetengenezwa na nani, modeli gani, cha mwaka gani, bado kinalia au kimeshakufa. Mi nauchukulia serious huu mchezo kwa sababu vile vya zamani vinashushwa kila mwaka vinaenda kwenye vyuma chakavu na hakuna hata mtu mmoja aliyerekodi sauti yake.

Kabla ya yote: king'ora kikilia nje ya muda wa jaribio, acha simu, acha kila kitu, shuka beizimenti. Hobi inasubiri.

Hatua ya 1: jua siku ya jaribio

Kila kaunti ina ratiba yake. Columbus ni kila Jumatano saa sita mchana, Minnesota Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana, Chicago Jumanne ya kwanza saa nne asubuhi, Indianapolis Ijumaa saa tano. Hali ya hewa ikiwa mbaya wanaahirisha ili watu wasichanganyikiwe. Ndugu mlioko Ujerumani nyie mna ile siku ya taifa ya majaribio, Alhamisi ya pili ya mwezi wa tisa saa tano asubuhi, na Ufaransa sehemu nyingi ni Jumatano ya kwanza ya mwezi adhuhuri.

Hatua ya 2: kitafute kilipo, kiangalie vizuri mchana

Anzia kituo cha zimamoto, mnara wa maji, shule, bustani, yadi ya manispaa. Kisha ingia Google Street View uangalie nguzo yenyewe, na hapa kuna kitu wengi wanakiruka: Street View inakuonyesha na picha za miaka ya nyuma. Rudi 2009, rudi 2012, unaweza kukuta kwenye nguzo ileile kulikuwa na kingine kabisa, maana yake nguzo ni ya zamani ila kichwa ni kipya, na umri wa nguzo hautakusaidia chochote. Andika mwaka wa kila picha.

Sasa angalia umbo. Mi najiuliza maswali haya tu: kina pembe moja kubwa inayoelekea upande mmoja? Ni duara kama uyoga, kinatoa sauti pande zote? Au ni mlundikano wa spika? Mlundikano wa spika ni cha elektroniki, kama Modulator za kampuni ya Federal Signal zile zinazoonekana sahani zimepangwa juu ya sahani, au za Whelen wa Connecticut. Uyoga au ngoma isiyozunguka, hapo kuna kampuni kibao, Federal Signal wenyewe, Sentry wa Colorado na wengine. Kwa Sentry jina lenyewe linajieleza, 10V2T ni mota ya nguvu farasi 10, imesimama wima, toni mbili, yaani sauti mbili kwa pamoja. Pembe moja kubwa inayozunguka, hapo umefika kwenye vigogo: Thunderbolt na 2001 za Federal Signal, Tempest T-128 ya American Signal wa Milwaukee na nyinginezo.

Thunderbolt ndo mfalme kwangu, nasema wazi. Ilianza miaka ya 1950 na iliendelea mpaka kuelekea 1990, na ukishaijua huikosei tena, kwa sababu haivuti hewa yenyewe, kuna blowa (mashine ya kusukuma hewa) ndani ya boksi kubwa huko chini na bomba nene linapanda mpaka kwenye kichwa. Ukiona lile bomba umemaliza nusu ya kazi. 2001 na T-128 hazina kitu hicho, na kwa mbali zinafanana sana, kwa hiyo usikimbilie mdomo wa pembe, angalia mgongo, sehemu inayobeba mota, ulinganishe na brosha ya kampuni yenyewe ukiwa umeifungua pembeni.

Hatua ya 3: rekodi

Simama mbali, mita 300 au zaidi. Vikubwa hivi vinafika desibeli 120 mpaka 130 ukiwa futi 100, yaani mita 30, hiyo inaharibu masikio, halafu hata rekodi yenyewe inapasuka na kukuletea mistari ya uongo kwenye grafu ya hatua ya 4. Tumia app inayorekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), zima ile setting ya kupunguza kelele maana simu inaweza kudhani king'ora ndo kelele ikakifuta. Bonyeza rekodi dakika mbili kabla, na usizime mpaka kimya kabisa. Ule mkia wa mwisho ni ushahidi: cha mota kinaanza chini kinapanda, na kikizimwa kinashuka taratibu kwa sababu chuma kizito bado kinazunguka. Cha elektroniki kinaweza kukatika palepale. Sisemi siku zote, vingine vimepangwa viigize kupanda na kushuka, ila ukisikia sauti imekatika ghafla bila mkia, mara nyingi hiyo si mota.

Usikilize pia kama kinazunguka. Sauti inakuja kubwa, inafifia, inakuja tena, lakini toni haibadiliki. Hiyo ni pembe inageuka. Toni yenyewe ikipanda na kushuka hiyo ni mota inawashwa na kuzimwa, kitu tofauti kabisa, watu wanavichanganya kila siku.

Hatua ya 4: hesabu (usiogope)

Hapa ndo penye utamu. King'ora cha mota ni ngoma yenye madirisha inayozunguka ndani ya ngoma nyingine yenye madirisha, hewa inakatwa vipande, na idadi ya vipande kwa sekunde ndo toni unayoisikia. Kwa hiyo: madirisha mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60, unapata Hz, yaani mitetemo kwa sekunde.

Mota nyingi za Marekani zinazunguka kama 3450 kwa dakika, sawa na 57.5 kwa sekunde. Madirisha 8 yanatoa 460 Hz, 9 yanatoa 517.5, 10 yanatoa 575, 12 yanatoa 690. Mnaotaka kuhakikisha hesabu chukueni E57 ya Ujerumani, ule uyoga ulioko juu ya mapaa mengi kule: madirisha 9, mizunguko 2800, jibu 420 Hz, na ndo toni yake kweli.

Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya sauti ya kompyuta, ni bure, badilisha muonekano uwe spektrogramu, yaani grafu inayoonyesha Hz za sauti. Utaona mistari ya kulala imepangana kama ngazi. Tafuta ya chini kabisa iliyo kali, ya juu ni marudio yake mara mbili, mara tatu. Kama kuna ngazi mbili zimeingiliana, king'ora ni cha toni mbili. Chukulia mfano umesoma 452 na 678. Gawa ndogo kwa kubwa: 0.667, yaani mbili kwa tatu, kwa hiyo madirisha ni 8 na 12. Mbona si 460 na 690? Kwa sababu mota inaenda pole kidogo, umri, baridi, umeme, na ndo maana mi naamini uwiano kuliko Hz yenyewe. Ngoma zote mbili zinaendeshwa na mota moja, zikipungua mwendo zinapungua pamoja, uwiano haubadiliki hata toni ikipanda na kushuka. Ukipata 0.75 fikiria 9 na 12, ukipata 0.833 fikiria 10 na 12.

Ila 0.833 ni tano kwa sita, na Thunderbolt 1000T (ile ya toni mbili) nyingi zina madirisha 5 na 6. Uwiano uleule! Uwiano peke yake hautakutofautishia Thunderbolt na king'ora kidogo cha 10 na 12, inabidi urudi kwenye mzunguko na lile bomba.

Kingine: ukisikia sauti inatetemeka usiseme haraka ni toni mbili. Ving'ora viwili vya aina moja, kimoja 460 kingine 463, vikisikika pamoja vinatetemeka mara tatu kwa sekunde. Kwenye spektrogramu utaona mstari mmoja au miwili iliyobanana sana, toni mbili za kweli zinakaa mbalimbali.

Hatua ya 5: uliza wenye mali

Ofisi ya dharura ya kaunti, tuma email fupi ya adabu, taja mahali na sema ni hobi, wengi wanajibu vizuri kabisa na wengine wanafurahi kuwa kuna mtu anajali. Kumbukumbu za vikao vya halmashauri pia zina manunuzi, modeli na mwaka vimeandikwa kabisa.

Na niseme hili bila kuzunguka, sisi watu weusi tukisimama karibu na mnara wa maji na kamera mtu anaweza kupiga simu polisi. Simama njia ya umma, usiruke fensi, usipande nguzo, nenda na mwenzako, email ya kaunti iwe kwenye simu.

Hatua ya 6: andika unachoweza kukitetea

Nina ngazi tatu: kampuni, familia (kundi la modeli zinazofanana), modeli kamili. Ukiwa na umbo tu, ishia kampuni au familia. Mfano Thunderbolt 1000, 1000T na 1003 kwa mbali ni kitu kimoja, 1000 ina toni moja, 1000T ina mbili, 1003 ina mbili pia lakini imeongezewa solenoidi (vifaa vya umeme) za kufungua na kufunga hewa ili toni zipishane, na kama mji hauutumii mlio huo utasikia sawa na 1000T. Hapo bila picha safi ya pembeni ya kichwa kuonyesha zile solenoidi, andika "Thunderbolt, toni mbili" uishie hapo.

Rekodi yako iwe na mahali (mtaa, si anwani ya nyumba ya mtu), tarehe, umbali uliosimama, Hz ulizosoma, uwiano, kinazunguka au la, picha na mwaka wake, na kwa nini umesema ulichosema. Kaunti wakijibu baadaye na modeli kamili, ongeza jibu lao na tarehe chini yake, ila yale maelezo yako ya mwanzo usiyafute, mwingine mwenye king'ora kama hicho atayahitaji.