Mzazi akiingia hospisi Marekani, kwanza jua inalipwaje

Mama mkwe alipoandikishwa hospisi, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa aliye mwisho wa maisha, tulidhani nesi atashinda pale nyumbani. Kumbe anakuja mara mbili kwa wiki, anapima presha, anaangalia chupa ya morfini imebaki kiasi gani, dakika ishirini kaondoka, na sisi tumekaa kimya manake tuliona ni msaada tu tunapewa. Ndugu mlioko huku na wazazi, msiingie kama tulivyoingia sisi.

Iko hivi, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi kwa kila nesi anapokuja, inalipa kwa siku. Nesi aje asije, hela ya siku hiyo inaingia, na siku 60 za mwanzo kiwango ni kikubwa, kuanzia ya 61 kinashuka. Sasa kila safari ya nesi ni gharama kwao, siku ambayo hajaja mtu inawabakizia hela. Wapo manesi wenye huruma sana jamani, nimewaona kwa macho yangu, ila malipo yenyewe yanavuta upande huo.

Kwa hiyo kabla hujasaini uliza: nesi atakuja mara ngapi kwa wiki, wa kumuogesha je, na saa nane usiku akizidiwa anakuja nani, anatokea wapi, au ni kuongea kwenye simu tu? Andika majibu. Wakizingua, unaruhusiwa kuhamia hospisi nyingine mara moja kila kipindi cha huduma, na vipindi ni siku 90, tena 90, halafu 60 60.

Hili ndo wengi hawaambiwi: maumivu yakigoma kabisa au anashindwa kupumua, sema kwa Kiingereza hivihivi, "continuous home care". Hapo anakaa naye mtu nyumbani angalau masaa 8 ndani ya masaa 24, zaidi ya nusu awe nesi, na Medicare inawalipa zaidi. Sisi tulilijua neno hilo mama keshafariki, na usiku ule wa mwisho alikuwa na mke wangu peke yake. Bado inaniuma.

Mkichoka nyie mnaomuuguza, anaweza kulazwa mahali mpaka siku 5 mfululizo mpumzike, mnachangia asilimia 5 tu. Dawa za ule ugonjwa, kitanda, oksijeni, daipa, vyote vimo, kwenye dawa hamzidi dola 5 kila moja. Isiyomo ni kodi na chakula akiwa anaishi nyumba ya wazee, wala mtu wa kushinda naye kutwa, hiyo jipangeni wenyewe au mgawane zamu.

Na namba ya usiku ya hospisi ibandikeni kwenye friji, kwa maandishi makubwa. Pigeni hiyo kwanza kabla ya 911, namba ya dharura ya huku, manake mkimkimbiza hospitali bila hospisi kupanga, bili inaweza kuwaangukia nyie.