Unasoma mbinu za ufahamu kwa video? Fanya hivi usitoke mtupu

Hii ni ya nyie mnaorisiti form four au mnaojiandaa na QT (ule mtihani wa maarifa) huku Mbeya, Iringa, Njombe, ambao tuisheni iko mbali mkaamua kutegemea vipindi vya video. Bando linatesa kweli, ila shida kubwa ni kwamba unamwangalia mwalimu akisoma halafu unajiona umesoma wewe. Anapitia kifungu juujuu, anapigia mstari wazo kuu, neno gumu anabahatisha maana yake kwa sentensi inayofuata, wewe unaitikia eeh nimeelewa, mtihanini unaanza neno la kwanza unatambaa nalo mpaka la mwisho na muda ushaisha.

Kwanza usisomee kifungu kwenye simu. Mwalimu anaskroli anavyotaka yeye na maandishi yenyewe kama sisimizi. Omba PDF, nenda steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, au popote ulipo uprinti, hela hakuna basi nakili kwa mkono, inachosha lakini inaingia.

Video ikifika mwalimu anauliza swali, isimamishe. Hapo hapo. Soma kichwa cha habari, aya ya kwanza na sentensi za mwanzo za aya zingine, andika unadhani habari inahusu nini, ndo uiachie iendelee ulinganishe na yeye. Maswali yasome kabla ya kifungu. Yanayouliza jina, mwaka au mahali yatafute kwa macho tu usisome kila kitu, ila ya "kwa nini" na "mwandishi ana maana gani" hayo lazima urudi usome taratibu, na hapa ndo wengi wanapotea maana video inafundisha yote kwa spidi moja.

Kiingereza ndo balaa zaidi, si tumesoma mpaka la saba kwa Kiswahili bana. Usikimbilie dikshenari kila neno, lizungushie, songa mbele, mengine yatajieleza yenyewe ukifika chini.

Bando sasa: kwa kuwa kifungu unacho kwenye karatasi, weka kwaliti 240p, uso wa mwalimu hauna maksi. Msimu wa mvua pakua mapema kabla umeme haujakatika.

Halafu tafuta mwenzako, kila baada ya kipindi mtumie voisi WhatsApp ya dakika moja, msimulie kifungu bila kuangalia karatasi. Ukikwama rudi kwenye aya iliyokukwamisha tu, sio video nzima.