Namna ya kulinganisha Dumbo wa 1941 na wa 2019

Anayetaka kuwaonyesha vijana wa mtaa wake hapa Lubumbashi jinsi mhusika mnyonge wa katuni anavyobadilika kila anapotengenezwa upya, aanze na Dumbo, mtoto wa tembo wa sarakasi anayechekwa kwa sababu ya masikio yake makubwa. Filamu ya 1941 itangulie, kwa kuwa ina dakika 64 tu. Sisi kule Katuba tulianza na ile ndefu ya Tim Burton, ya 2019, umeme ukakatika kabla hatujafika nusu.

Wape watazamaji swali moja: nani anamsemea Dumbo? Yeye mwenyewe hatamki neno katika filamu zote mbili. Katika ile ya zamani anayemtetea ni Timothy, panya mdogo, na hapo ndipo penye utamu, kwani mnyonge anasaidiwa na mdogo kuliko yeye. Usipite haraka pale mama anapofungwa: mkonga wake unapenya kati ya vyuma, unapapasa, unamkuta mtoto na kumbembeleza. Mwache kila mtu atazame kimya.

Katika filamu ya 2019 wanyama hawasemi kabisa. Wanaomhimiza tembo ni watoto wawili, Milly na Joe, na baba yao amerudi kutoka vitani akiwa na mkono mmoja, hivyo unyonge umegawiwa familia nzima. Kwa maoni yangu, huruma imepanuka, lakini Dumbo amekuwa kama mgeni katika hadithi yake mwenyewe.

Kunguru wa 1941 watazua maswali, nawe usiyakwepe. Kiongozi wao aliitwa Jim Crow, jina lililotumiwa pia kwa sheria za ubaguzi wa rangi nchini Marekani, na sauti yake ilikuwa ya mwigizaji mzungu. Burton aliwaondoa wote.

Mwisho, linganisheni hatima ya mama na mtoto. Zamani walibaki na sarakasi, wakiwa na behewa lao la fahari. Katika ile ya 2019 wanarudi porini; ilitoka miaka miwili baada ya Ringling, sarakasi mashuhuri kwa tembo wake, kufungwa huko Marekani. Tenga angalau nusu saa kwa swali hili, kwa sababu vijana hulihusisha mara moja na wanyama wa bustani yetu ya hapa mjini, na ubishi wao hauishi upesi.