Kufunga waifai ya nyumbani bila ruta mbili kugombana

Mama mdogo alinipigia jioni moja: "Mwanangu, simu inashika waifai vizuri lakini haifungui kitu. Ya baba yako mdogo inafungua." Nikamuuliza swali moja tu: "Mama, mmeongeza ruta ya pili?" Wameongeza. Ugonjwa huo ulishanila Jumamosi nzima, kwa hiyo naujua kwa sura. Hivi ndivyo nilivyomwelekeza, tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Mahali

Weka ruta katikati ya nyumba, juu, pasipo kizuizi. Si nyuma ya televisheni, si ndani ya kabati la chuma, si kando ya maikrowevu, maana nayo hutumia masafa ya gigahezi 2.4.

Hatua ya 2: Kuingia

Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kompyuta na waya. Simu inaweza, lakini ukibadilisha mipangilio ya waifai huku umeingilia kwa waifai hiyohiyo, unakata tawi ulilokalia. Andika kwenye kivinjari anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta. Nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kabla ya jambo lolote, badilisha nenosiri la msimamizi. Hili si lile la waifai, na ndilo watu wanalolisahau.

Hatua ya 3: Kufuli

Kwenye sehemu ya usalama wa waifai, chagua kufuli aina ya WPA3, au WPA2 yenye usimbaji wa AES. Printa yangu kuukuu ilikataa WPA3 katakata, nikaweka ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WEP, kufuli la zamani, usiiguse; ilivunjwa tangu 2001. Nenosiri liwe maneno manne au matano yasiyohusiana. Ni rahisi kumtajia mgeni na ni gumu kubahatisha.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nenosiri. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuzimaliza zote. Udhaifu huo ulitangazwa 2011, na bado naikuta imewashwa.

Wapo watakaokushauri ufiche jina la waifai au uandikishe kifaa kimoja kimoja. Mimi sifanyi lolote kati ya hayo. Jina lililofichwa huonekana kwa programu za bure, na anwani ya kifaa huigwa kwa dakika chache. Utachoka wewe, mwizi atapita.

Hatua ya 4: Sasisha programu ya ruta

Kama inaweza kujisasisha yenyewe, iruhusu.

Hatua ya 5: Ruta ya pili

Hapa vuta kiti.

Nyumba inahitaji mgawaji mmoja tu wa anwani za vifaa. Kazi hiyo huitwa DHCP, na ruta ya pili hutoka kiwandani ikiwa nayo inaifanya. Ukiziunganisha hivihivi, kifaa huchukua anwani kwa ruta iliyowahi kujibu. Kikijibiwa na ya kwanza, kinapata intaneti. Kikijibiwa na ya pili, kinaelekezwa kutokea kwenye ruta isiyo na njia ya kutoka. Isitoshe, huenda zote mbili zinajiita 192.168.1.1. Ndiyo maana simu moja inafungua na nyingine inakodoa macho, kisha ukizima na kuwasha zinabadilishana zamu. Jumamosi ile nilibadilisha waya mbili na kufuta mipangilio ya simu isiyo na kosa lolote.

Kama ruta ya pili ina hali ya AP (inasambaza waifai tu, haigawi anwani), ichague, fuata maelekezo yake kuhusu tundu la waya, kisha ruka aya inayofuata.

Kama haina, iunganishe na kompyuta peke yake, mbali na ile ya kwanza. Ipe anwani mpya: ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Hakikisha namba hiyo haimo katika zile ambazo ruta ya kwanza huzigawa. Hifadhi, ukurasa utapotea, ingia tena kwa anwani mpya. Ndipo uzime DHCP. Usigeuze mfuatano huo! Mimi nilianza na DHCP, kompyuta ikakosa anwani, ukurasa ukagoma kufunguka, nikaishia kuchokonoa kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa pini. Mwisho, chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya kwanza, na ncha yake nyingine kwenye LAN ya ruta ya pili. Si WAN, tundu la kupokea intaneti. Ukitumia WAN unazaa mtandao ndani ya mtandao: intaneti inaweza kuja, ila printa iliyo huko haitaonekana na walio upande wa ruta ya kwanza.

Zipe zote mbili jina moja na nenosiri moja. Kwenye gigahezi 2.4, moja iwe chaneli 1 na nyingine 6 au 11. Chaneli za katikati huingiliana.

Hatua ya 6: Wageni

Washa mtandao wa wageni kwenye ruta ya kwanza tu. Ile ya pili, ikiwa katika hali hii, mara nyingi haiwezi kuwatenga; mgeni anaingia sebuleni na chumbani. Kamera na taa za intaneti mimi huziweka kwenye mtandao huo wa wageni pia.

Kesho yake mama mdogo akapiga tena: televisheni haiioni simu yake. Alikuwa ameihamishia televisheni kwenye mtandao wa wageni. Tukairudisha kwenye mtandao mkuu, kamera ikabaki hukohuko.