Usukani wa trekta unacheza? Usikimbilie kufungua stelingi boksi

Kwenye Massey Ferguson 135 na matrekta mengine ya zamani, usukani ukizunguka robo nzima kabla matairi hayajageuka, mafundi wengi huanza kukaza skrubu ya stelingi boksi, yaani kasha la meno lililo chini ya usukani. Mara nyingi boksi halina kosa, na ukilikaza ovyo usukani utakuwa mzito na meno yake yataisha haraka.

Anza hivi. Trekta likiwa limesimama sawa, injini imezimwa, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe inama, gusa kila kiungo kwa kidole kuanzia boksi kwenda mbele. Pale upande mmoja unapocheza na wa pili umetulia, ndipo penye ugonjwa. 135 ina mikono miwili inayotoka kwenye boksi na fito mbili zinazokwenda kwenye matairi ya mbele, kwa hiyo kagua pande zote.

Kisha weka kabari matairi ya nyuma, inua ekseli ya mbele kwa jeki, tegemeza kwa gogo imara. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi au bushi za kingpini, pini ya wima ambayo tairi la mbele hugeukia.

Boljoint (kiungo chenye kichwa cha mviringo kwenye ncha ya ufito) iliyolika hubadilishwa; kuichomelea ni kujitafutia ajali. Kabla ya kuifungua hesabu mizunguko ya uzi wake, mpya uirudishe mizunguko ileile, la sivyo matairi yatapishana mwelekeo. Pini ya kufungia nati iwe mpya pia. Msumari hapana, hata kama duka liko mbali.