Kabla hujawekewa mrija wa figo

Umeambiwa mkojo umeziba, hauteremki kutoka kwenye figo, na utatobolewa mgongoni uwekewe mrija wa kuutoa mkojo hadi kwenye mfuko wa nje. Vyeti, majibu ya damu na picha za altrasaundi weka mfuko mmoja. Bima hakiki mapema. Kufunga kula, fuata saa ulizopewa, na chai ya maziwa ni chakula, tusidanganyane. Ila ukiwa na homa na kutetemeka, achana na maandalizi, wahi hospitali leo hii. Figo iliyoziba ikaingia usaha haisubiri.

Sasa dawa. Hapa yalinikuta. Mama tulimtoa Masasi na basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, kwa pesa ya korosho, jiwe limekwama njia ya mkojo ya kushoto. Kashavaa gauni la hospitali, yuko mlangoni, nesi akamuuliza tena: dawa gani nyingine unatumia? Mama akaniambia nifungue pindo la kanga niliyomshikia. Vidonge vya warfarini, vya kuzuia damu kuganda! "Hizo za moyo, mwanangu. Hawa si wananiuliza za figo?"

Figo imejaa mishipa ya damu. Altrasaundi na eksirei humwonyesha daktari sindano inapopita, hazizuii damu kumwagika. Wakapima damu yake, haigandi inavyotakiwa. Tukarudishwa. Siku tano sebuleni kwa mjomba Mbagala, warfarini imesimamishwa kwa amri ya daktari wa moyo, ndipo akapimwa upya.

Kwa hiyo mwaga zote mezani: asprini, za presha, za magoti, hata mizizi ya kuchemsha. Na usiziache kwa akili yako, muulize aliyekuandikia.

Shughuli yenyewe mara nyingi ni ganzi tu, umelala kifudifudi, macho unayo. Mkojo kuwa mwekundumwekundu siku moja mbili ni kawaida. Damu nzito siyo. Kabla hujaondoka omba mifuko ya mkojo ya akiba na tarehe ya kubadilishiwa mrija, aghalabu kila miezi mitatu. Safari ya tarehe hiyo usiiachie siku ya mwisho: Mei 2024 barabara ya kusini kwenda Dar ilikatika Somanga, watu wakakwama. Mrija ukichomoka, tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, kwa hiyo nenda siku hiyohiyo, usiku usiku ikibidi. Mfuko ukae chini ya kiuno. Ndoo ya maji abebe mwingine. Na kwenye basi omba kiti cha mbele, kule nyuma mnarushwa.